Kupakua faili kwa X-Accel-Redirect ya Nginx: tathmini baada ya miaka mitatu

Ninasimamia mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Shinyanga, ambacho kila mwezi humpa kila mwanachama taarifa ya akaunti yake katika faili ya PDF. Zamani faili hizo zilipita ndani ya programu yetu ya PHP, iliyohakiki nenosiri, ikasoma faili kwenye diski, kisha ikaituma yenyewe hadi kwenye simu ya mwanachama. Mtandao ulipokuwa dhaifu, upakuaji mmoja ulishikilia mchakato mzima wa PHP; ulipokatika, mwanachama alianza upya na bando lake likaliwa mara mbili; na faili zote zilifika zikiitwa pakua.pdf. Mweka hazina wetu alinipigia simu siku moja akaniuliza, "Mwanangu, karatasi zote hizi zina jina moja, ya mwezi wa tatu ni ipi?" Sikuwa na jibu, na ndipo nilipoigeukia Nginx.

Seva hii, iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, ina njia iitwayo X-Accel-Redirect, inayotenganisha anayeamua na anayebeba. Programu hubaki na kazi ya kuhakiki mwombaji ni nani na kama faili ni yake. Ikiridhika, haitumi faili, bali hurudisha kichwa (header, yaani mstari wa maelezo unaotangulia jibu) chenye njia ya ndani, yaani mahali faili ilipo ndani ya seva, kwa mfano /hifadhi/8f3a.pdf, ambacho Nginx hukisoma bila kumwonyesha mtumiaji, kisha huichukua faili na kuituma. Sehemu ya /hifadhi/ ikiwekewa agizo la internal, mtu anayeandika anwani hiyo moja kwa moja kwenye kivinjari hupata 404, yaani jibu kwamba ukurasa haupo. Mtandao ukikatika, kivinjari kinaweza kuomba kipande kilichobaki tu, jambo ambalo programu yetu haikulijua kabisa.

Jina la faili ni suala jingine, na hapo Nginx haikusaidii. Jina hutoka kwenye kichwa cha Content-Disposition, ambacho programu hukiandika na Nginx hukiacha kipite kama kilivyo. Ukiandika jina lenye nafasi bila alama za nukuu, "Taarifa ya Machi.pdf" inaweza kufika ikiitwa "Taarifa" tu. Kwetu, hata hivyo, shida kubwa ilikuwa ritifaa, yaani alama ya ('). Majina kama Ng'wandu ni ya kila siku Usukumani, na makarani wetu walikuwa wakiyanakili kutoka kwenye programu ya kuandikia inayogeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, yaani herufi isiyokuwemo katika ASCII, orodha ya msingi ya herufi za kompyuta. Taarifa zikafika zikiitwa Ngâ€™wandu.pdf. Mtu kulikuta jina la ukoo wake limevurugwa hivyo, tena na chama alichokikabidhi fedha zake, si jambo dogo, na niliona haya kwa niaba ya chama.

Dawa imeelezwa katika RFC 6266, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2011, nayo ni kutuma majina mawili kwa pamoja, moja la herufi za kawaida kwa vivinjari vya zamani na jingine kamili:

Content-Disposition: attachment; filename="Taarifa-Ngwandu.pdf"; filename*=UTF-8''Taarifa-Ng%E2%80%99wandu.pdf

Katika jina hilo la pili hata ritifaa iliyonyooka lazima iandikwe %27 (huu ndio usimbaji wa asilimia, yaani herufi kuandikwa kwa % na namba yake ya kompyuta), kwa sababu ndiyo inayotenganisha sehemu za kichwa hicho. Kitendaji cha rawurlencode cha PHP huigeuza chenyewe, lakini encodeURIComponent ya JavaScript huiacha ilivyo, kwa hiyo anayetumia JavaScript aigeuze kwa mkono.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa maelezo rasmi ya Nginx yayatilie mkazo zaidi. La kwanza ni kwamba Content-Type ya programu, kichwa kinachotaja aina ya faili, nayo hupita kama ilivyo, na PHP isipoelekezwa hutangaza text/html; kosa hilo lilikuwa letu, na PDF zilizofunguliwa ndani ya kivinjari zilionekana kama msururu wa herufi zisizosomeka. La pili ni kwamba, tangu toleo la 1.5.9, njia ya ndani inatakiwa kuandikwa kwa usimbaji wa asilimia. Sisi tumelikwepa hilo kwa kuhifadhi faili kwa namba za nasibu, na jina la kibinadamu hulitia wakati wa kutuma tu.

Kwa taasisi ambayo faili zake zimo kwenye diski ya seva yake yenyewe, naipendekeza njia hii bila kusita. Anayehifadhi faili katika Amazon S3, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, atafaidika zaidi na viungo vyenye saini na muda wa kuisha, ambavyo navyo hupokea jina la faili kupitia kigezo cha response-content-disposition, na ritifaa humsubiri huko huko.