Mwongozo wa kununua: ulinzi wa kanzidata (database) kwa ofisi za Dodoma, kwa kipimo cha sekunde

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, foleni ya wanachama imefika mlangoni, na UPS ya seva kuu ikafa. SACCOS hiyo, hapa hapa Dodoma, ilishanunua seva ya pili yenye nakala ya kila kitu. Nilikuwepo. Seva ya akiba ilishika nafasi baada ya sekunde 40 hivi, na kwenye kompyuta ya fundi alama zote zilikuwa kijani. Kaunta hazikufanya kazi. Makarani walikaa karibu robo saa mbele ya skrini zilizoganda, na mama mmoja aliyetoka Hombolo kufuata mkopo wa pembejeo akaondoka mikono mitupu.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue nini, sianzi na seva. Namuuliza kwanza: seva kuu ikizima, unataka zipite sekunde ngapi hadi karani wa mwisho aweze tena kuandika muamala? Hicho ndicho unachonunua. Mashine, leseni na fundi ni njia za kukifikia.

Muda huo una vipande vitatu. Kwanza mfumo ugundue kwamba seva kuu imekufa kweli, haijachelewa tu kujibu. Halafu seva zilizobaki zikubaliane nani ashike usukani. Mwisho, programu za watumiaji ziachane na seva iliyokufa na zimfuate mkuu mpya. Wauzaji wengi hunadi kipande cha kati, ambacho mara nyingi ndicho kifupi kuliko vyote. Muda hupotelea mwanzo na mwisho.

Kipande cha mwisho ndicho kilichotuumiza siku ile. Kanzidata ikianguka huku mashine yake iko hai, mfumo endeshi huwaarifu wateja papo hapo kwamba muunganisho umekatika. Umeme ukikatika ghafla, hakuna wa kuaga. Kompyuta ya karani inaendelea kutuma ombi lake kwenye anwani isiyo na mtu. Linux, mmoja wa mifumo endeshi hiyo, kwa mipangilio inayokuja nayo hurudia kutuma mara 15 kabla ya kukata tamaa, na marudio hayo huchukua takribani dakika 15. Kama ombi lilishapokelewa na karani anasubiri jibu tu, hali ni mbaya zaidi: ukaguzi wa kama upande wa pili bado u hai, hata ukiwa umewashwa, kwa kawaida huanza baada ya sekunde 7,200. Hizo ni saa mbili nzima.

Dawa yake ni mistari michache ndani ya programu, na haina bei dukani. Kwa PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, tangu toleo la 10 la mwaka 2017 mteja anaweza kupewa anwani za seva zote na kutafuta mwenyewe ile inayokubali kuandikwa. Tangu toleo la 12 anaweza pia kuwekewa kikomo cha kusubiri kiitwacho tcp_user_timeout. Kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, angalia socketTimeout: isipoguswa huwa sifuri, maana yake kusubiri bila mwisho. Mwenye programu akikwambia hawezi kugusa hayo, mwombe fundi aweke katikati HAProxy, programu inayopokea maombi ya kaunta na kuyapeleka kwenye seva iliyo hai. Hiyo kwa kawaida hukagua seva kila baada ya sekunde 2, huihesabu imekufa ikishindwa mara 3, na ukiiagiza hukata miunganisho yote iliyokuwa imeielekea. Lifanye hili kabla ya kununua chochote kati ya vinavyofuata, maana bila hilo orodha yote haitakusaidia.

Nafasi ya 1: seva mbili na shahidi, PostgreSQL chini ya Patroni

Kwa SACCOS, hospitali au muuzaji wa jumla mwenye programu inayotumia PostgreSQL, hili ndilo chaguo langu. Unanunua seva mbili zinazolingana, na kompyuta ndogo ya tatu isiyobeba data yoyote ya wateja. Kazi ya ile ya tatu ni kupiga kura. Wanaushirika wanaijua akidi: mkutano usiotimiza idadi haupitishi jambo. Humu ni vile vile. Seva iliyotengwa na wenzake wawili haina akidi, kwa hiyo haina haki ya kuendelea kuwa kuu, hata kama yenyewe ni nzima. Kura zenyewe huhifadhiwa na etcd, programu ndogo inayokaa kwenye mashine zote tatu.

Patroni, iliyokuzwa na kampuni ya Zalando na kutolewa bure, huipa seva kuu hati ya uongozi inayoisha baada ya sekunde 30 isipohuishwa, na huihuisha kila sekunde 10. Kwa mipangilio hiyo, mashine ikizima ghafla tarajia kama nusu dakika hivi. Unaweza kuishusha hati hadi sekunde 20. Chini ya hapo Patroni yenyewe hairuhusu. Ukishusha, punguza na vingine: muda wa mzunguko (zile sekunde 10), ukijumlisha mara mbili ya muda wa kujaribu tena, usizidi uhai wa hati.

Kuna namba moja ambayo mafundi wengi hawaigusi, nami naiuliza kila ninapokagua kazi ya mtu. Kanzidata ikianguka lakini mashine ikabaki hai, Patroni hujaribu kwanza kuiamsha pale pale, na kwa kawaida huipa sekunde 300 kabla ya kumkabidhi mwingine. Dakika tano! Kipimo hicho kinaitwa primary_start_timeout. Kikiwekwa sifuri, uhamisho wa uongozi hufanyika mara moja ikiwa kuna seva ya nakala iliyo tayari.

Amua pia kuhusu fedha za watu. Nakala ya kawaida hufuata nyuma kidogo ya seva kuu, na Patroni kwa mpangilio wake hukubali kumpandisha mrithi aliyebaki nyuma hadi megabaiti 1 hivi. Kwa orodha ya bidhaa hilo linavumilika. Kwa akiba za wanachama mimi silikubali: washa synchronous_mode, ili muamala usithibitishwe kabla haujaandikwa kwenye seva zote mbili zikiwa hai. Seva zikiwa jengo moja, gharama ya muda ni ndogo mno kuonekana kaunta.

Shahidi asikae kwenye UPS moja na seva. Weka chumba kingine, swichi nyingine ya mtandao. Nimekuta mashine zote tatu zimechomekwa kwenye soketi moja ya kuongeza, na mwenye ofisi akiamini ana ulinzi wa mara tatu.

Nafasi ya 2: MySQL InnoDB Cluster

Kama programu yako inatumia MySQL, kanzidata nyingine inayotumika sana, usihamie PostgreSQL kwa ajili ya sekunde tu. Kundi la seva tatu za MySQL huanza kumshuku mwenzao aliyenyamaza baada ya sekunde 5, na tangu toleo la 8.0.21 humpa nyingine 5 kabla ya kumtoa. Kwa kugundua, hili ni haraka kuliko Patroni. Naliweka la pili kwa sababu mbili. Seva zote tatu hubeba data yote, kwa hiyo unalipia diski na kumbukumbu mara tatu. Pia kila jedwali linahitaji ufunguo mkuu (primary key), yaani safu inayotofautisha kila mstari na mwingine, na programu nyingi za zamani za maduka ya dawa na hoteli hazikuandikwa hivyo. Kuzirekebisha kunaweza kugharimu kuliko mashine.

Nafasi ya 3: seva ya akiba inayopandishwa kwa mkono

Najua wauzaji hawalipendi. Kwa duka moja la dawa pale Majengo, au mnunuzi wa mahindi anayefanya kazi na soko la Kibaigwa, hili ndilo la kununua kwanza. Seva mbili, nakala inayofuata muda wote, karatasi moja ya maelekezo iliyobandikwa ukutani, na watu wawili waliowahi kuyafuata kwa mikono yao. Kumpandisha mrithi ni amri moja. Saa za kazi, mtu aliyezoea humaliza ndani ya dakika tano. Usiku wa manane ni suala la nani anapokea simu. Sharti moja lisilojadiliwa: kabla ya kupandisha ya pili, chomoa waya wa umeme wa ya kwanza. Usiizime kwa amri tu.

Nafasi ya 4: kanzidata ya kukodi mawinguni

Ofisi isiyo na fundi na yenye matawi mikoani hufaidika hapa. Huduma ya RDS ya Amazon yenye seva ya akiba huahidi kwa kawaida sekunde 60 hadi 120. Aina yake yenye seva mbili za akiba zinazosomeka hutajwa kuwa chini ya sekunde 35. Unalala, wao wanakesha.

Ila vituo vya karibu nasi viko Afrika Kusini: Amazon walifungua Cape Town mwaka 2020, Google wakafungua Johannesburg mwaka 2024. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo kanzidata yako iko salama kabisa huko iliko, wewe ndiye usiyeifikia. Ukichagua njia hii, nunua intaneti kwa watoa huduma wawili wanaopita njia tofauti, na kila mmoja akuonyeshe kwa maandishi anapitia wapi. Ankara huja kwa dola. Na kwa taarifa za wagonjwa au wanachama, pata ushauri wa mwanasheria kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi.

Nafasi ya 5: SQL Server na vikundi vya Always On

Hii ni kanzidata ya Microsoft. Ni imara, na kama programu yako ya uhasibu haikubali kingine, nunua bila wasiwasi. Toleo la Standard tangu mwaka 2016 lina kikundi cha msingi: seva mbili, kanzidata moja kwa kila kikundi. Bado utahitaji shahidi wa tatu kwa ajili ya akidi. Leseni ndiyo inayoishusha hapa.

Nafasi ya mwisho: seva mbili na skripti

Hiki ndicho kinachouzwa zaidi mjini, na ndicho ninachokisihi usikinunue. Mashine mbili, anwani moja inayorukaruka kati yao, na skripti inayosema mwenzangu akinyamaza mimi ndiye mkuu. Ni cha haraka kuliko vyote: sekunde tatu na kidogo tu. Siku waya wa swichi ukilegea, kila mmoja anamwona mwenzake amekufa, na wote wawili wanapokea miamala. Wagogo wafugaji hawahitaji kuelezwa kwa nini mafahali wawili hawakai zizi moja. Asubuhi una daftari mbili za fedha zinazopingana, na hakuna programu ya kuziunganisha. Utakaa na stakabadhi za karatasi mpaka ziishe.

Wengine huuliza kuhusu kuweka seva ya akiba Dar es Salaam. Weka, ni vizuri kwa moto na wizi, lakini uhamisho wa kwenda huko uamuliwe na mtu. Kwa umbali wa kilomita 450 hivi, mwanga ndani ya faiba hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 4, na nyaya hazinyooki, kwa hiyo kila muamala unaosubiri Dar utauhisi umbali huo. Usiposubiri, nakala ya Dar itakuwa nyuma. GitHub, kampuni kubwa yenye wahandisi wengi, mnamo Oktoba 2018 ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Mfumo ukahamisha uongozi wenyewe hadi pwani nyingine ya Marekani, maandishi yakatofautiana pande mbili, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

Vya kununua pamoja, kwa yoyote utakayochagua: swichi ya mtandao ya pili, UPS mbili tofauti zinazoweza kuiambia seva izime taratibu, na diski za SSD zenye kinga ya kukatika umeme. Na vumbi. Miezi ya kiangazi cha hapa, kuanzia Mei hadi Novemba, feni za seva hujaa kiasi cha kuzima mashine kwa joto. Kichujio cha kitambaa kwenye mlango wa kabati ni rahisi, nacho huzuia uhamisho usiohitajika.

Malipo ya mwisho yafungwe kwenye jaribio. Fundi aandike programu ndogo inayoingiza mstari mmoja kwenye kanzidata kila sekunde, ikiendeshwa kutoka kompyuta ya kaunta, si kwenye seva. Jumamosi ofisi ikiwa imefungwa, chomoa mwenyewe waya wa umeme wa seva kuu huku programu ikiandika. Kisha fungua jedwali na uhesabu sekunde zilizokosekana. Rudia kwa kuchomoa waya wa mtandao peke yake, na mara ya tatu kwa kuua kanzidata huku mashine iko hai, maana hayo ni magonjwa matatu tofauti na kila moja lina muda wake. Andika namba zote tatu kwenye mkataba. Kwa nafasi ya kwanza iliyopangwa vizuri, mimi sisaini ikizidi sekunde 45 katika lolote kati ya hayo matatu.