Tahadhari kwa wenye magari ya zamani Mtwara na Lindi: "fundi" wa saa za dashibodi

Ndugu wenye magari ya zamani, natoa tahadhari kuhusu mtu anayezunguka Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, hasa msimu wa korosho ambapo mifuko imejaa, akijitambulisha kuwa fundi wa kutengeneza saa za dashibodi na kuzifanya za kisasa. Hana duka wala hatoi risiti. Huondoka na saa yako, hutaka alipwe fedha yote kwa simu, kisha huirudisha ikitembea vizuri kabisa, na hapo ndipo mwenye gari huridhika.

Saa mojawapo, ya Mercedes ya mzee mmoja wa Mikindani, ililetwa kwangu baada ya kusimama, nikaifungua. Mashine ya asili haikuwemo. Ndani ya kasha ilipachikwa mashine ya plastiki ya saa ya ukutani, yenye betri ndogo ya volti 1.5 kama ya rimoti, ambayo ilikuwa imekwisha na kuanza kuvuja. Waya wa umeme wa gari ulikatwa ukaachwa unaning'inia, na kitufe cha mbele cha kurekebishia mishale kiligandishwa kwa gundi, hakigeuzi chochote. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme, imeungua na haina dawa.

Maneno hayo hunasa watu kwa sababu yana chembe ya ukweli. Katika saa nyingi za magari ya miaka ya 1950 na 1960, kama za Kienzle, mishale husukumwa na springi, na kila baada ya dakika moja au zaidi kidogo platini ndogo, yaani ncha za chuma za kupitishia umeme, hugusana, koili ikapata umeme na kuikaza springi upya. Ndiyo ile "tak" inayosikika gari likiwa limezimwa. Betri ya gari ikidhoofu, koili hukosa nguvu ya kuziachanisha platini, umeme hubaki ukipita, na joto huiunguza koili au huyeyusha tone la risasi lililowekwa kama fyuzi. Hata hivyo, mara nyingi kinachohitajika ni kusafisha platini, ambazo hewa yetu ya chumvi haizihurumii, kuchomelea risasi upya na kutia mafuta mepesi ya saa.

Kubadili saa iwe ya kwatzi, yaani ya kielektroniki isiyotumia springi, si kosa, mradi mashine mpya itumie umeme wa volti 12 wa gari, na ile ya zamani ukabidhiwe mkononi.

Kabla ya kulipa, chomoa waya wa umeme nyuma ya saa na usubiri dakika kama kumi. Saa ya springi itasimama ikishalegea, na ya kwatzi iliyounganishwa na gari itasimama papo hapo. Ikiendelea kutembea, ina betri iliyofichwa ndani. Zungusha pia kitufe cha mbele uone kama mishale inafuata.

Aliyekwisha kutengenezewa na mtu huyo aifungue saa mapema na kuitoa betri kabla haijavuja na kuharibu uso wa saa. Na yeyote atakayeuziwa mashine kuukuu ya saa ya gari isiyo na kasha, iwe Mtwara, Masasi au Lindi, tafadhali aulize imetoka kwenye gari gani kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa mzee wa Mikindani bado anaitafuta ya kwake.