Jumamosi tano za taharuki: darasa la kutengeneza mwanzo wa filamu, Tudor, Mombasa

Nimefundisha fasihi miaka kumi na tisa, na kila mwaka neno taharuki, yaani ile hamu na hofu ya kutaka kujua kitakachotokea, huliandika ubaoni. Wanafunzi hulikariri pamoja na kinaya na kisengere nyuma, hulitaja kwenye mtihani, wakapata alama zao. Mwaka huu ndio wa kwanza kuwaona wakiitengeneza taharuki yenyewe kwa mikono yao, na nataka wazazi na walimu wenzangu wa Pwani wajue ilivyokuwa.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi tano, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, vyumba viwili vya kupanga ghorofa ya pili huku Tudor. Ada ni shilingi 4,500 kwa mwanafunzi mmoja kwa Jumamosi zote. Wanaofundisha ni vijana wawili: mmoja hupiga picha za harusi, mwenzake ni mhariri wa video. Silitaji jina la mahali kwa sababu nina malalamiko, tena nimeshawaambia wenyewe ana kwa ana. Niliwapeleka wanafunzi tisa wa chama chetu cha drama, wa Kidato cha Pili na cha Tatu, nami nikakaa nao mwanzo hadi mwisho.

Kazi ni moja tu: kila kundi litengeneze mwanzo wa filamu ya taharuki usiozidi dakika mbili, pamoja na jina la filamu na majina ya walioshiriki. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wa mtaala wa Cambridge, na kwao hii ni kazi ya mtihani kabisa. Katika Media Studies (somo la vyombo vya habari) ya AS, ngazi ya kwanza ya A Level, mtahiniwa anaweza kutengeneza mwanzo wa filamu wa dakika mbili na kuonyesha alivyoupanga. Wangu hawakuwa na mtihani. Walitaka kujiandaa kwa tamasha la drama na filamu la shule, basi.

Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, elfu nne na mia tano kwa dakika mbili?" Nilimjibu asubiri aone.

Jumamosi ya kwanza hapakuwa na kamera. Wanafunzi walikuwa wamekuja na simu zilizochajiwa hadi asilimia mia, wakaambiwa waziweke kikapuni. Kila kundi likasimulia kisa chake kwa mdomo, limesimama, mbele ya wote. Cha kwetu kilikuwa hivi. Msichana anarudi nyumbani jioni. Anasikia jikoni mtu anakuna nazi. Anamsalimu mamake, anaingia chumbani kuvua sare, anaongea kwa sauti habari za shule. Halafu simu inalia. Ni mamake, anamwambia yuko Kongowea sokoni, matatu zimejaa, atachelewa. Jikoni nazi bado inakunwa.

Darasa zima likapiga kelele. Mimi nikajivunia, maana hicho kisa walikibuni wenyewe kwenye baraza ya shule.

Yule mhariri hakupiga makofi. Aliwauliza, "Mtazamaji ameogopa kwa sekunde ngapi?" Wakahesabu: tangu simu ilie hadi mwisho, kama sekunde kumi. "Na zile dakika nzima kabla ya simu, alikuwa anafanya nini?" Kimya. Ndipo akawaeleza mfano ambao Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, alimpa mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, katika mahojiano yao ya mwaka 1962. Watu wameketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka chini ya meza: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde kumi na tano. Lakini mtazamaji akionyeshwa bomu kwanza, akajua litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatamtesa kwa dakika kumi na tano.

Binti mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye darasani kwangu huwa hasemi, akainua mkono: "Basi simu ya mama ije mwanzo."

Na kweli wakaihamisha. Sasa filamu inaanza na mama ndani ya matatu, kikapu mapajani, nazi mbili zinaonekana juu ya mchicha. Anapiga simu. Simu inaita, haipokelewi, kwa sababu binti ameiacha chini ya mto. Kisha tunamwona binti anafungua mlango wa nyumba, na sauti ya mbuzi ya kukunia nazi inasikika jikoni. Anaposema "Shikamoo mama", sisi tulioiona matatu ndio tunaokosa pumzi. Kisa ni kilekile, watu ni walewale. Nimewahi kueleza taharuki kwa kurasa nzima, na sikuwahi kuieleza vizuri kama mhariri yule alivyoieleza kwa kuhamisha simu moja.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya karatasi, na hapa ndipo naona ada ilipolipa. Kila kundi lilipewa karatasi za manila zilizogundishwa pamoja, zikachorwa mistari kumi na miwili, kila mstari sekunde kumi. Juu unaandika kinachoonekana, katikati kinachosikika, chini jina gani la mshiriki linatokea na linakaa sekunde ngapi. Wanafunzi wangu walikuwa na shoti, yaani vipande vya picha vinavyopigwa bila kukatizwa, thelathini na moja. Walipozipanga kwenye manila wakakuta filamu yao ni ya dakika tatu na nusu, na binti hajafika hata mlangoni. Wakaanza kukata. Kukata kuliwauma, walibishana hadi mmoja akatoka nje kulia, kwa sababu shoti yake ya viatu vinavyopanda ngazi ilitolewa. Walibaki na kumi na saba. Zile ngazi zilirudi baadaye kama sauti tu, na yule aliyelia ndiye aliyezirekodi.

Majina nayo yana kazi yake. Nilidhani yanabandikwa tu juu ya picha mwishoni. La. Wanafunzi walifundishwa kuyaweka mahali ambapo jicho la mtazamaji lina nafasi, na kuyaondoa mahali ambapo wanataka aangalie kitu. Kwa hiyo majina yote ya kwetu yamo ndani ya matatu na kwenye uchochoro. Binti akishaingia nyumbani, hakuna herufi hata moja kwenye skrini hadi jina la filamu.

Wiki ya tatu wakapiga picha, kwa simu zao wenyewe. Somo la mstari lilifanywa kwa chaki sakafuni: ukichagua upande mmoja wa kumtazama mtu anayetembea, usivuke mstari, la sivyo ataonekana kageuka nyuma. Wangu walivuka. Tulipotazama, binti anaingia mlangoni halafu shoti inayofuata anaonekana kama anatoka. Hakuna aliyewagombeza, waliambiwa watazame tena hadi walione kosa wenyewe, wakaliona, wakarudia.

Jambo jingine sikulijua kabisa. Taa ya mrija ya jikoni ilikuwa inapepesa kwenye picha ilhali kwa macho imetulia. Mpiga picha akaeleza: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ile huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, simu nyingi hurekodi fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde na shata yake, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, haiendi sambamba na taa. Akawapa programu inayoruhusu kuweka fremu 25 na shata ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Taa ikatulia. Yule mvulana wetu anayependa fizikia alikokotoa hapohapo kwamba dakika mbili zetu ni fremu 3,000, akaziandika kwenye manila kwa kalamu nyekundu.

Tulitaka kupiga picha wakati wa magharibi, kwa sababu kisa ni cha jioni. Haikuwezekana. Jua la Mombasa huzama upesi, mwanga unaofaa haudumu hata nusu saa, na msikiti wa jirani uliadhini katikati ya shoti. Adhana ikishaingia kwenye sauti huwezi kukata na kuunga shoti nyingine. Inaruka, na kila mtu wa hapa anaijua vizuri mno asisikie ilivyoruka. Basi tukapiga saa nne asubuhi Jumapili, nyumbani kwa mwanafunzi mmoja Kisauni, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi na leso, taa moja ya meza imefungwa karatasi ya rangi ya chungwa. Ukiiona huwezi kujua.

Sauti niliyafurahia masomo yake kuliko yote. Mbuzi ya kukunia nazi ilirekodiwa mara tatu: karibu kabisa, nyuma ya mlango uliofungwa, na kutoka nje ya dirisha. Karibu, unasikia chembe zikidondoka kwenye sinia. Nyuma ya mlango, unabaki mkwaruzo tu, na huo mkwaruzo ndio uliotumika. Mwanafunzi aliyekuwa anakuna aliambiwa akune polepole, kisha asite, kisha aendelee. Binti anaita "Mama?" na mkwaruzo unakoma. Sekunde mbili. Unaanza tena, safari hii polepole zaidi.

Kwa zile sekunde mbili walitumia sauti ya chumba kitupu. Kila mahali walipopiga picha walilazimishwa kunyamaza nusu dakika na kurekodi ukimya wa mahali pale, maana ukizima sauti yote, mtazamaji anadhani spika imeharibika. Ukimya wa jikoni ile una friji, una kunguru wa mbali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza vyumba.

Sasa malalamiko. Vipakatalishi vya kuhariria vilikuwa viwili kwa makundi manne. Jumamosi ya nne wanafunzi wangu walingoja karibu saa mbili bila kazi, na mtoto aliyelipa shilingi 4,500 hastahili kungoja hivyo. Kama vifaa ni viwili, wachukue makundi mawili, au wagawe zamu asubuhi na mchana. Pili, mifano yote waliyoonyesha ilikuwa filamu za Marekani na Uingereza. Hakuna hata mwanzo mmoja wa filamu ya Kenya wala ya Tanzania, na hili lilinikera, kwa sababu wanafunzi wa makundi mengine walianza kuandika wapelelezi wenye makoti marefu kwenye mvua. Kipande kimoja pia kilikuwa na damu nyingi kwa watoto wa miaka kumi na tano. Nilipolalamika walikitoa siku ileile na kuomba radhi mbele ya darasa. Tatu, maji ya kunywa yaliisha saa tano kila Jumamosi. Chakula si tatizo, mama wa chini anauza mahamri na mbaazi, lakini mbebeeni mtoto chupa.

Kuhusu muziki walikuwa wakali, nami nawaunga mkono. Kundi moja lilileta wimbo wa msanii maarufu, likakataliwa: ama utunge, ama utumie uliotolewa bure kwa ruhusa, ama usiwe na muziki. Sisi hatukuwa na muziki. Tuna mbuzi.

Jumamosi ya tano wazazi walialikwa. Viti havikutosha, wengine walisimama mlangoni, na filamu nne zilionyeshwa ukutani kwa projekta. Yetu ilikuwa ya tatu. Ilipofika binti anavua viatu, anaongea na mtu aliyeko jikoni kuhusu alama zake za hisabati, chumba chote kilinyamaza. Kisha nyanya ya mmoja wa wanafunzi, mtu mzima sana, amevaa buibui, ameketi mbele kabisa, akasema kwa sauti, "Usiingie huko, mwanangu. Toka." Alikuwa anamwambia msichana wa ukutani. Mjukuu wake, aliyemshikia mkono, ndiye aliyekuwa anakuna nazi.

Mlango wa jikoni unasukumwa, skrini inakuwa nyeusi, jina la filamu linatokea, mkwaruzo unaendelea chini yake hadi mwisho. Yule mzazi aliyeniuliza kuhusu dakika mbili alitaka kujua jikoni mlikuwa na nani. Nilimwambia awaulize watoto. Watoto wakasema hawajui, bado hawajaandika.

Kwa mwalimu anayefikiria kupeleka chama chake: nendeni na wanafunzi wasiozidi watano kwa kundi, maana tisa ni wengi na wawili wangu walibaki kushika mablanketi tu. Nendeni na kisa cha nyumbani kwenu. Ulizeni kabla ya kulipa kuna vipakatalishi vingapi. Likizo ya Agosti wanafungua tena, na wameniahidi viwili zaidi. Nimeshapeleka majina matano, la kwanza ni la yule binti wa Kidato cha Tatu aliyeihamisha simu.