Uzoefu wangu: traka ndogo ya nyota na Wingu Dogo la Magellan, Songea

Traka hii, kifaa kinachozungusha kamera taratibu kufuata mwendo wa nyota, nimeitumia misimu miwili ya kiangazi, lenzi ya 135mm na kamera ya APS-C, kwa kazi moja hasa: kupiga Wingu Dogo la Magellan, galaksi kibete iliyo umbali wa miaka nuru kama 200,000. Mota sina neno nayo. Wingu liko karibu na ncha ya kusini ya anga, pale ambapo anga huonekana kuzunguka, nyota zake hutembea chini ya theluthi ya kasi ya zile za ikweta ya anga, hivyo kasoro ndogo za gia hazionekani.

Tatizo ni kitako. Songea ncha ya kusini iko nyuzi 10.7 tu juu ya upeo, basi mhimili wa traka, ambao lazima uelekee kwenye ncha hiyo, unakaribia kulala na fimbo ya uzani inagonga mguu wa stendi. Geuza stendi mpaka uwazi wa miguu miwili uelekee kusini, kisha ning'iniza begi zito upande wa kaskazini, la sivyo itainamia mbele.

Usihangaike na Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ambayo watu huilenga kupanga mhimili. Ni hafifu, na huku inamezwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Pima mwinuko wa mhimili kwa simu, uelekeze kusini kwa dira ukiwa mbali na chuma (kumbuka kusahihisha tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kweli), halafu piga ya majaribio, sekunde 60. Ukikosea nyuzi moja, nyota zinavutika pikseli mbili na ushei. Nusu nyuzi inavumilika. Na swichi ya traka iwe S (kusini)! Ikibaki N (kaskazini), inazunguka kinyume na mistari ya nyota inakuwa mirefu maradufu kuliko bila traka.

Fokasi nafanyia kwenye Achernar, nyota angavu, skrini nikiikuza mara 10, kisha selotepu juu ya pete ya fokasi isisogee.

Mipangilio: f/2.8, ISO 1600, sekunde 60, picha 90. Katikati ya Oktoba Wingu hufika kileleni karibu saa sita usiku, nyuzi 28 tu, kwa hiyo anza saa tano na robo. Kitone kinono cha magharibi ni 47 Tucanae, fungunyota la galaksi yetu wenyewe. Piga picha 20 za giza, kifuniko kikiwa kwenye lenzi, uziunganishe zote kwa Siril, programu ya kompyuta ya picha za anga. Ondoa mwanga wa mji kabla ya kugusa rangi.

Wingu Kubwa la Magellan ni zuri zaidi, lakini zamu yake ya usiku wa manane ni Desemba, na Desemba huku ni mvua.