Rivyu: kikata duara cha GSM (gramu kwa mita ya mraba) kwa wanaoagiza vitambaa vya pamba

Kama unaagiza majora ya pamba, ajenti wako wa forodha akikuuliza namba ya bidhaa, "hii ni 5208 au 5209?" na we unamjibu "angalia kwenye invoisi", basi soma hii.

Kifaa chenyewe ni simpo sana. Kichuma cha mviringo, mpini juu, visu vidogo vinne chini, unatandaza kitambaa juu ya mkeka wake wa mpira, unafungua loki, unakandamiza huku unazungusha na kinatoka kiduara cha sentimita 100 za mraba. Unakiweka kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01, unazidisha mara 100, ushapata uzito wa mita moja ya mraba. Hakuna betri wala programu ya kudownlodi, raha tupu.

Umuhimu wake uko hapa: kwenye HS, mfumo wa kupanga bidhaa kwa namba wa Shirika la Forodha Duniani (tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa kila nchi inayoutumia), vitambaa vya pamba vilivyofumwa viko Sura ya 52, na mpaka mkubwa wameuweka kwenye gramu 200. Pamba 85% kwenda juu na uzito usiozidi 200 ni 5208, ukizidi ni 5209. Pamba ikiwa chini ya 85% na imechanganywa na nyuzi za viwandani kama polista, unaenda 5210 au 5211, mpaka ni uleule. Kwa hiyo kiduara kikisoma 2.00 bado uko upande wa chini, kikisoma 2.03 umeshavuka, na hizo gramu 0.03 kwa jicho au kwa kushika huzipati hata uwe fundi wa miaka mingi. Mi nina jora la kaki ambalo saplaya kaliandika 195, viduara vyake vyote vikaja kati ya 2.06 na 2.09. Sijui alipima kabla hakijatiwa rangi na kumaliziwa au alikisia tu, ila forodha wao wanaangalia kitambaa kama kilivyofika. Ndo maana nasema usifue sampuli kwanza, kata kama ilivyo kwenye jora.

Ubaya sasa. Kitambaa chepesi kama voili kinavutika chini ya visu, duara linatoka limepinda na namba inakuwa ya uongo, na hapo kuna mpaka mwingine wa gramu 100 kwa vitambaa vya ufumaji wa kawaida (uzi mmoja juu, mmoja chini), so kosa dogo linakuhamisha tarakimu za mwisho. Jinzi nzito nayo inataka ukandamize kwa nguvu haswa, visu vikishakuwa butu kingo zinatoa nyuzi na uzito unapungua. Pia pamba inakunywa unyevu, siku ya mvua itasoma juu kuliko siku kavu, maabara wao wanaiacha kwanza kwenye nyuzijoto 20 na unyevu 65%. Kama namba yako iko 198 hadi 202 usijiaminishe na mizani ya mezani, peleka maabara. Na kata sehemu tofauti za jora, kaa mbali na pindo.

Halafu watu wanakosea kudhani kifaa hiki kinamaliza kazi. Asilimia za pamba hakikwambii kabisa! Kuchoma uzi na kunusa kutakujulisha kuna polista, hakutakwambia kama pamba ni 84 au 86, maabara ndo wanayeyusha pamba kwa asidi ya salfuriki wanapima kilichobaki. Na hili ni la kwanza kuliko gramu, maana polista 65 na pamba 35 haimo Sura ya 52 hata kidogo, inaenda 5513 au 5514, na huko mpaka ni gramu 170 sio 200. Hata nusu kwa nusu inaangukia Sura ya 55, kwa sababu zikilingana inachukuliwa ile iliyo mwisho kwa namba. Watu wengi wa "pamba mchanganyiko" wanashangaa sana wakifika hapo.

Ufumaji nao utautazama kwa lenzi ya kuhesabia nyuzi. Jinzi ya 5209.42 kwa mfano lazima iwe twili (ufumaji wa mistari ya mshazari) ya nyuzi 3 au 4, mtande (nyuzi za urefu) wa rangi moja umetawala upande wa mbele, mshindio (nyuzi za upana) ni mweupe, kijivu au wa rangi iyo hiyo iliyofifia. Kitambaa cha bluu kilichotiwa rangi baada ya kufumwa hakiwi jinzi hata kikishonwa suruali.

Nakipa nyota 4. Nyota moja nimeitoa kwa mkeka, unachakaa haraka na ukishakuwa na mifereji visu havikati mpaka chini, kwa hiyo ukinunua chukua na mkeka wa ziada na seti ya visu, na loki uirudishe kila ukimaliza maana vile visu havina masihara na vidole.