guard() ya kerneli ya Linux: mwaka mmoja ndani ya draiva zangu

Tulikuwa na matangi ya maji manne, kila moja na kisensa cha kina kilichounganishwa kwa I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo), na bodi moja ndogo yenye Linux inayosoma vyote. Draiva, yaani msimbo unaoiwezesha kerneli (kiini cha Linux) kuongea na visensa, niliiandika mwenyewe. Ikakaa wiki tatu bila tatizo, kisha asubuhi moja vipimo vikasimama. Nikaingia kwa mbali, nikatazama michakato: programu ya kusoma imekaa kwenye hali ya D, yaani inasubiri na haikatiziki. Nikaipiga kill -9, amri ya kuua mchakato, haikutikisika. Kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) palikuwa na ule ujumbe wa mchakato uliokwama zaidi ya sekunde 120. Ikabidi nimpigie simu fundi wa pampu, apande juu ya mnara achomoe umeme wa bodi.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Funksheni inafunga kufuli kwa mutex_lock() ili wengine wasubiri zamu, inasoma rejista tatu, halafu inafungua. Njia mbili za makosa zilipita kwenye goto, yaani ziliruka hadi mstari wa kufungua, na kufungua vizuri. Ya tatu niliiongeza baadaye, nikaandika return moja kwa moja, ikatoka bila kufungua. Waya wa tangi la pili ulikuwa umelegea, kwa hiyo njia hiyo ilipitwa mara chache sana, na siku ilipopitwa kufuli likabaki limefungwa. Kila aliyekuja nyuma akasubiri milele.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kutumia guard() kwa dhati. Unaandika hivi:

guard(mutex)(&data->lock);

Basi. Kufuli linafungwa hapo hapo, na linafunguliwa lenyewe pale unapotoka kwenye mabano yanayolizunguka, uwe umetoka kwa return, kwa goto au kwa kufika mwisho. Ukiwa na makufuli mawili, lililofungwa mwisho linafunguliwa kwanza, kama inavyotakiwa. Hakuna uchawi: kompaila ya GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa wa mashine) ina sifa ya cleanup, yaani usafi wa kujiendesha, tangu zamani, na Peter Zijlstra, mmoja wa watunzaji wa kerneli, ndiye aliyeijengea nyumba ndani ya kerneli, kwenye faili la include/linux/cleanup.h, toleo la 6.5 la mwaka 2023. Kwenye kifaa kilichokamilika hakuna kinachokwenda polepole kwa sababu yake; kazi yote inafanywa na kompaila.

Funksheni yangu ya mistari 41 ikabaki 27. Lakini idadi ya mistari si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba sasa nikiongeza ukaguzi mpya katikati, sihitaji kukumbuka nimefunga nini huko juu. Kwa mtu anayeandika draiva peke yake, bila mwenzake wa kumkagua, hiyo ni thamani kubwa mno.

Sasa mahali inapouma. Kwanza, ni rahisi kushika kufuli muda mrefu kuliko unavyohitaji. Kisensa changu kinasubiriwa milisekunde 100 baada ya kusomwa, na guard() niliyoiweka juu ya funksheni ilikuwa inashikilia kufuli hata wakati huo wa kusubiri. Hapo tumia scoped_guard(), yenye mabano yake. Watunzaji wa sehemu ya mtandao ya kerneli wameandika wazi kwamba katika funksheni inayozidi mistari 20 hawapendi guard(), wanaona scoped_guard() inasomeka vizuri zaidi. Nakubaliana nao, hata nje ya sehemu hiyo.

Pili, scoped_guard() kwa ndani ni kitanzi cha for. Niliiweka ndani ya kitanzi cha kujaribu kusoma mara tatu, nikaandika break, amri ya kutoka kwenye kitanzi, baada ya kufanikiwa. Break ile ikatoka kwenye scoped_guard() tu, na kisensa kikaendelea kusomwa mara zote tatu. Nilipoteza jioni nzima kuitafuta.

Tatu, na hii ndiyo ya hatari: usichanganye goto za zamani na guard() katika funksheni moja. Goto ikiruka juu ya mstari wa guard() na kutua chini yake, usafi utafanywa kwa kufuli ambalo halikufungwa kamwe. Clang, kompaila nyingine, inakataa kukusanya msimbo wa namna hiyo. GCC inaupitisha kimya. Tangu nilijue hilo, kila draiva naikusanya kwa zote mbili kabla ya kuituma kwenye bodi.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa ajili ya ile break.

Draiva tatu nimeshazihamisha, na matangi yale hayajasimama tena, ingawa waya wa tangi la pili ulilegea mara nyingine mwezi wa nne: safari hii dmesg ilionyesha kosa la kusoma, na tangi la tatu likaendelea kutoa vipimo. Imebaki draiva moja, ya bodi ambayo muuzaji wake alitupa kerneli ya 4.14, na humo guard() haimo. Ile bado naisoma return moja moja kwa kidole.