Uzoefu wangu na multimeta ya DT-830D: kompyuta 3 za ofisi zilizogoma kuwaka

Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo mjini Morogoro yenye kompyuta 6 za mezani, wala si fundi. Nimeona niandike kuhusu multimeta hii ndogo ya njano, yaani kifaa cha kupimia umeme, ambayo nimekaa nayo kwa zaidi ya mwaka sasa, kwa sababu niliinunua baada ya ofisi yetu kutoa fedha kwa kubahatisha, na naamini zipo ofisi nyingi ambazo bado zinabahatisha hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumatatu ya msimu wa masika, baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa siku ya Jumapili. Tulipofika asubuhi, taa na feni zilifanya kazi vizuri na LUKU ilikuwa na uniti za kutosha, lakini kompyuta 3 hazikuwaka. Ya mapokezi ilijaribu kuwaka kwa sekunde chache kisha ikazima, ya stoo haikuonyesha dalili yoyote ya uhai, na ya kwangu ilikuwa kimya kila nilipobonyeza kitufe, ingawa taa ndogo iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ilionekana kuwaka kupitia matundu ya ubavuni. Fundi tuliyempigia simu hakusita: “Dada, hizo pawasapulai zimeungua zote. Umeme ukirudi kwa nguvu ndivyo unavyofanya. Nunueni 3, mimi nitakuja kufunga.” Tulinunua pawasapulai moja kwanza, yaani kisanduku cha ndani kinachoipa kompyuta umeme, kwa shilingi 45,000, ikafungwa kwenye kompyuta yangu, na kompyuta ikabaki kimya vilevile.

Siku iliyofuata nilinunua multimeta kwa shilingi 15,000 katika duka la vifaa vya umeme, nikamwomba muuzaji anielekeze namna ya kuitumia. Ndani ya boksi mlikuwa na kifaa chenyewe, betri ya 9V na nyaya mbili za kupimia. Waya mweusi unaingia kwenye tundu lililoandikwa COM na mwekundu kwenye tundu la katikati, na kwa umeme wa ukutani kizungusho kinawekwa kwenye 750 upande wa AC. Muuzaji alinisisitizia jambo moja ambalo nami nalirudia kwa kila anayekiazima: waya mwekundu usiachwe kwenye tundu la 10A unapopima soketi, kwa maana tundu hilo halina fyuzi na hapo utakuwa umepiga shoti kwa mikono yako mwenyewe. Soketi ya ukutani ilisoma volti 231, na umeme wetu wa kawaida nchini ni volti 230, kwa hiyo shaka ya umeme mdogo wa jengo zima iliondoka ndani ya dakika moja.

Kompyuta ya mapokezi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, pamoja na printa ya leza. Nilipopima tundu la mwisho wakati kila kitu kimezimwa, nilipata volti 229, nikakaribia kuhitimisha kwamba pale hapana tatizo. Dada wa mapokezi ndiye aliyesema kwamba asubuhi huwa anawasha printa kwanza, ndipo anawasha kompyuta. Tukafanya hivyo huku ncha za kupimia zikiwa ndani ya tundu, na printa ilipoanza kupasha moto namba ikashuka mbele ya macho yetu hadi 187, ikakaa hapo kwa muda mfupi, kisha ikapanda tena, ilhali soketi ya ukutani ilipopimwa katika hali hiyo hiyo haikushuka chini ya 228. Lebo ya pawasapulai ya kompyuta ile, ambayo ni ya zamani, inasema 200–240V. Tulipoichomoa ekstensheni ya kwanza tuliona plastiki imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, na harufu ya kuungua ilikuwa bado ipo. Shaba ya ndani ilikuwa imelegea, na sehemu iliyolegea ikipitisha umeme mwingi hutoa joto na kupunguza volti zinazofika mbele. Printa ikahamishiwa kwenye soketi yake yenyewe, ekstensheni zote mbili zikatupwa, na kompyuta ile haijazima ovyo tangu siku hiyo. Ninapofikiri kwamba tulikuwa karibu kuibadilishia pawasapulai na kuiacha ekstensheni ile ikiendelea kuungua chini ya meza yenye makaratasi, moyo unanidunda.

Kompyuta yangu ilihitaji kipimo cha upande wa DC, yaani umeme wa ndani ya kompyuta, kizungusho kikiwa kwenye 20. Plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi ina nyaya za rangi, na unaweza kuingiza ncha ya kupimia kwa nyuma ya plagi, kandokando ya waya, bila kuichomoa. Waya wa zambarau unatakiwa kuwa na volti 5 muda wote ambao kompyuta imechomekwa, hata kama haijawashwa. Wangu ulisoma 5.08. Waya wa kijani ulisoma 4.9, na huo unatakiwa kushuka karibu na sifuri pale unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Haukushuka. Yaani pawasapulai ilikuwa hai na inasubiri amri, ila amri haikufika. Niligusisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za mazabodi ambako waya wa kitufe huchomekwa, na feni zikaanza kuzunguka. Kilichokufa kilikuwa kitufe! Tukauchomoa waya wa kitufe cha kuanzisha upya na kuuchomeka mahali pa kile kibovu, na hadi leo ninawasha kompyuta yangu kwa kitufe hicho kidogo, bila gharama yoyote.

Ile ya stoo kweli ilikuwa na pawasapulai mbovu. Waya wa zambarau ulisoma 3.1 na namba ilikuwa inacheza, na tulipomulika kwa tochi kupitia matundu ya nyuma tuliona kapasita mbili (vijisehemu vinavyohifadhi umeme) zilizovimba vichwa. Hatukuifungua, kwa kuwa ndani hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Ile pawasapulai ya shilingi 45,000 iliyokuwa imefungwa kwenye kompyuta yangu ikahamishiwa huku, na waya wa njano ukasoma 11.98, ilhali kinachokubalika ni kuanzia 11.40 hadi 12.60.

Kifaa kina kasoro zake. Nyaya za kupimia ni nyembamba, na ule mwekundu ulianza kukatika shingoni baada ya miezi 4, jambo ambalo kwa umeme wa ukutani ni la hatari na wala si usumbufu tu. Hakijizimi chenyewe, kwa hiyo ukikisahau usiku kucha betri inaisha. Mshuko wa umeme wa kufumba na kufumbua hakiuoni, na kikitumika kupima UPS (kifaa cha akiba ya umeme) ya bei nafuu wakati inatumia betri kinaweza kutoa namba isiyo ya kweli, kwa sababu umbo la umeme wa UPS hizo si sawa na la umeme wa gridi. Vilevile kanuni ya rangi za nyaya haifai kwa kila kompyuta: ofisi ya jirani ilituita, tukakuta mashine yenye plagi ya pini 6 na rangi tofauti kabisa, tukaiacha kwa fundi.

Kwa ofisi yenye kompyuta chache na mtu mmoja makini, ninaipendekeza bila wasiwasi, mradi unapopima soketi usiwe peke yako chumbani na mikono iwe mikavu. Nyaya za kupimia nilizibadilisha kwa nyingine nene za shilingi 6,000. Multimeta yenyewe iko kwenye droo ya meza yangu, na pembeni yake kuna karatasi ya vipimo vya kila kompyuta ya ofisi, vilivyochukuliwa ikiwa nzima.